Kikao cha Ijumaa kwa Mzee Venanti

Jumamosi soko la Kasulu halina pa kuweka mguu, na hapo katikati ya vurugu ndipo Mwalimu Nurudini alipoamriwa anyooshe mikono.

"Umekuja kununua pazia na dirisha hukulipima?" Asmahani, muuza vitambaa, alimshangaa. "Haya, nyoosha, nione upana wake."

"Hapa mbele za watu, dada?"

"Wewe ndiye mwenye dirisha."

Mwalimu akanyoosha. Wauza dagaa wa jirani wakaangua kicheko. Alikuwa kijana wa Kondoa, serikali imempangia kufundisha historia shule ya Kitanga, na hakuzoea kuchekwa. Lakini Asmahani, ndani ya dera la kijani na ushungi mweupe, alipompitishia futikamba kifuani huku ananukia udi, akasahau hata rangi ya pazia aliyoitaka. Lilipofika nyumbani lilikuwa fupi. Jumamosi iliyofuata akarudi, na sidhani kama alikasirika.

Simu zikaanza.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Angalia usivimbiwe."

Walipozoeana, Asmahani akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Babu yake mzaa mama, Mzee Venanti, ambaye mtaa mzima ulimjua kama fundi redio, ujanani alikuwa kamanda wa wakomunisti katika vita vya milimani, ng'ambo ya ziwa. Waliposhindwa vita alivuka usiku na binti yake mchanga, na hajarudi kwao tena.

"Waliwahi kuja watu kumtafuta," alisema. "Nurudini, hili likae kwako."

"Litakaa."

Kilichomshangaza mwalimu zaidi ni kikao. Kule porini wapiganaji walikuwa na desturi ya kujikosoa, na mzee alihama nayo. Kila Ijumaa baada ya alasiri watu wa nyumba ile waliketi jamvini, kisha mmoja mmoja akasimama kutaja kosa lake la wiki. Kosa ulilolitaja mwenyewe huadhibiwi wala hunyooshewi kidole. Hata Hamis, baba yake Asmahani, mfanyabiashara mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi, alisimama akakiri kwamba alimfokea mkewe kwa sababu ya chai.

Siku Nurudini alipokaribishwa, naye akasimamishwa.

"Kosa langu," alisema huku anatabasamu, "ni kumpenda mjukuu wako kupita kiasi."

Wote wakacheka isipokuwa mzee.

"Hiyo haiko kosa, ni sifa umejipatia," alisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Ikala chini, kamaradi. Siku ingine utasema ukweli."

Kuanzia hapo mwalimu akashikwa na hamu ya kujua. Ni ugonjwa wa watu wa historia, na mimi siwalaumu sana. Lakini simu zake zilibadilika. Babu aliongoza watu wangapi? Walikula nini? Walivuka mwezi gani? Mwanzoni Asmahani alijibu kwa fahari. Baadaye alianza kujibu kwa mkato, na mwenziwe hakugundua.

Adhuhuri moja Nurudini alikwenda msikitini, akaacha daftari lake juu ya meza ya duka la vitambaa. Asmahani akalifungua. Kurasa thelathini na mbili, zote babu: njia zake, bunduki zake, jina lake la vita. Akajitafuta yeye. Alijikuta mara moja tu, pembeni: "Asmahani amuulize mama yake kuhusu mtumbwi waliovukia."

Mwalimu aliporudi alikuta daftari limefungwa na uso umefungwa.

"Nurudini, mimi nimo ukurasa wa ngapi?"

"Asma..."

"Nimo mara moja, tena natumwa! Na siri niliyokupa umeiandika kwa kalamu, unapanda nayo bodaboda!"

"Nilitaka isipotee."

"Basi nimepotea mimi. Chukua daftari lako, wateja wananisubiri."

Wiki mbili simu haikulia. Asmahani aliigeuza kifudifudi mezani, akaigeuza tena kutazama, akajichukia. Alimpenda, na kilichomuuma ni kutojua kama aliwahi kupendwa au aliulizwa maswali tu.

Ijumaa ya tatu, watu wameshaketi, Nurudini akabisha hodi. Akavua viatu, akaliweka daftari mapajani mwa mzee, akabaki amesimama.

"Nilimpenda Asmahani kabla sijajua habari za babu yake," alisema. "Kisha nikanogewa na habari. Mwezi mzima nilimuuliza habari za wengine, sikumuuliza yeye ameamkaje. Na siri yake niliiandika bila ruhusa. Daftari ndilo hilo, nakala sina. Ndilo kosa langu."

Asmahani alikuwa anatazama jamvi.

"Babu," alisema ghafla, "na wewe? Tangu nizaliwe sijakusikia ukitaja lako."

Hamis akakohoa. Mzee akashika ukuta, akasimama.

"Kulikuwa kijana mumoja na binti, Kezia, wote wapiganaji wangu. Walikuja kuniomba kuoana. Niliwaambia, mungojee ushindi. Kijana nilimutuma kulinda kivuko, hakurudia. Ushindi haukukuja." Akafuta macho kwa kiganja. "Kezia iko Kibondo, anauzisha maharage. Miaka yote sijaenda kumusalimia. Naogopa."

Akaketi. Asmahani alikuwa analia waziwazi. Alimgeukia Nurudini.

"Umeamkaje?" aliuliza Nurudini kwa sauti ya chini.

"Vibaya. Siku kumi na sita naamka vibaya." Akajifuta kwa ncha ya ushungi. "Na wewe unangoja nini?"

Mwalimu akatoa simu papo hapo, akampigia baba yake mkubwa Kondoa, sauti ikasikika chumba kizima.

"Shikamoo baba mkubwa. Nataka mniandikie barua ya posa."

"Marahaba! Huko Kigoma? Binti wa nani? Ukoo gani? Babu yake ni nani?"

Nurudini alimtazama mzee, akamtazama Asmahani.

"Baba yake ni Hamis, anauza vitambaa. Babu yake ni fundi redio."

"Fundi redio tu?"

"Fundi redio, baba mkubwa. Fundi mzuri."

Asmahani akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema. "Huyo binti ni mimi."