Jalada Moja, Santuri Mbili

Mikono miwili ilipoishika nakala ya mwisho, duka zima lilinyamaza kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu mkuu.

Mkono mmoja ulikuwa wa mshonaji wa magauni ya harusi, binti wa blauzi ya njano, na pini alizozisahau zikimeta kwenye kola. Wa pili ulikuwa wa fundi lifti, kijana mrefu wa ovaroli ya buluu, grisi mpaka kwenye nyusi. Kati yao lilikuwepo jalada jeusi. Bendi kongwe ya roki, iliyowatia uziwi wazazi wa watu enzi zake, ilikuwa imekusanya nyimbo zake za bluzi kwenye santuri mbili. Zimechapwa chache, zikiisha zimeisha.

"Dada, achia," fundi alisema kwa upole. "Nimepanga foleni tangu asubuhi."

"Nilikuwa mbele yako. Ulikuwa unahesabu pini zangu."

"Nilikuwa nazihofia. Zingekuchoma."

"Zimenizoea. Achia wewe, kaka. Hii ni ya bibi yangu. Ujana wake wote aliruka na hawa watu, ila bluzi yao hajaisikia."

Muuza duka, ambaye njaa ilishamfanya hakimu, alikata shauri. "Santuri mbili, watu wawili. Lipeni nusu kwa nusu, kila mmoja abebe moja, baada ya miezi mitatu mbadilishane. Asiyetaka aende nyumbani."

Fundi akachukua ya kwanza pamoja na jalada. Mshonaji akaifunga ya pili kwenye kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la mtu. Wakaapa kutosimuliana nyimbo mpaka zamu zigeuke, asije mmoja akamlia mwenzake utamu. Kisha wakapeana namba za simu, kwa ajili ya santuri tu.

Simu ya kwanza ilihusu santuri. Ya pili iliigusa kidogo. Baada ya hapo santuri zilisahauliwa kama shemeji asiyeleta zawadi.

"Uko wapi, mama pini?"

"Napanua kiuno cha bibi harusi. Ana wasiwasi, anakula. Na wewe?"

"Juu ya paa la lifti. Mota ina kwikwi, naisikiliza. Mashine ikichoka hata kidogo, sikio langu linajua."

"Na mtu akichoka?"

"Mtu ni mgumu, mpenzi."

Mshonaji akaweka sindano chini.

"Umemwita nani mpenzi?"

"Mota. Huwa naibembeleza isiniaibishe."

Jumamosi zikawa za kutembea. Mshonaji alikuja na gauni jipya kila mara. Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi mbele tu, kwa hoja kwamba mgongo kazi yake ni kuegemea kiti. Miezi mitatu ikayeyuka, wakabadilishana santuri, na kiapo kikafunguliwa. Siku chache baadaye mshonaji akapiga simu, sauti imelowa.

"Ule wimbo wa tatu wa santuri yako umeniliza. Yule mzee anavyojivuta, kama amebeba jeneza peke yake."

Fundi akakunja uso. "Mzee gani? Huo wimbo wa kuchezesha mabega. Kijana anatamba kapata mchumba."

"Unanitania."

"Wewe ndiye unayenitania. Na hii uliyonipa, uliyosema inatia majonzi, ni vurugu tupu. Sema kweli. Huwa unazisikiliza, au ulitaka tu nikuone mtu wa maana?"

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Ulimi hauna breki, hata wa fundi lifti.

"Miezi mitatu nacheza na bibi yangu nyimbo hizo," mshonaji alisema taratibu, "halafu unaniita mwongo. Kesho uje uchukue santuri yako. Na usinipigie tena."

Siku hiyo abiria walimuuliza fundi, "Inapanda au inashuka?" Akajibu, "Mimi nashuka."

Kesho yake alikwenda, santuri na jalada kwapani. Alikuwa ameamua kumwachia bibi zote mbili, angalau akumbukwe kwa jema moja. Kwenye jengo la mshonaji aliiacha lifti akapanda ngazi, maana moyo ulihitaji muda.

Ghorofani, nyuma ya mlango, sauti nzito ya kiume ilikuwa inajikokota. Ulikuwa wimbo wa tatu. Na kweli, ulikuwa wa jeneza.

Fundi akasimama. Sikio lilielewa kabla ya moyo: mota ya mashine ya santuri ilikuwa inakwenda polepole mno.

Mlango ulifunguliwa na bibi mwenyewe, kitambaa chekundu kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemliza mjukuu wangu? Ingia nikuone vizuri kabla sijakufukuza."

"Naomba kwanza niguse kitu kimoja."

Aliingia, akaifikia mashine ya santuri, akabonyeza swichi ya kasi. Mzee wa jeneza akaruka akawa kijana, gitaa likacheka, ngoma zikakimbizana. Mshonaji akatoka chumbani, futi ya kitambaa shingoni, macho mekundu.

"Huyo anayeimba ni nani tena?"

"Ni yuleyule. Santuri kubwa kwa kawaida huzunguka polepole, lakini hizi zimechapwa ziende kasi kama zile ndogo. Imeandikwa nyuma ya jalada."

"Na jalada lilikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Ahaa."

"Nisamehe. Ningesema uweke simu karibu na spika, ningejua papo hapo. Sikuuliza. Nilikimbilia kukuita mwongo."

"Mimi nilidhani wamezeeka, maskini," bibi alisema. "Nikasema si neno, tumezeeka pamoja. Hebu rudisha swichi. Goti langu halina hiyo kasi."

Fundi akarudisha. Kisha akalifungua jalada mbele ya mshonaji. "Lina mifuko miwili. Mmoja umekaa mtupu tangu siku ile, nami nimechoka kuutazama."

"Unaomba santuri au unaomba mtu?"

"Mtu. Awe mke wangu. Santuri zitamfuata."

Mshonaji alivua futi shingoni, akamgeuza fundi, akaanza kumpima mabega.

"Sasa unafanya nini?"

"Napima suti. Siolewi na ovaroli mimi. Na hii itapigwa pasi mpaka mgongoni."

"Mkimaliza kupimana," bibi alisema akinyoosha mkono, "mume wangu mpya aje anishike. Wimbo unaisha."

"Kwa kasi hii, bibi," fundi akajibu, akimpokea, "bado tuna muda."