Bei Iliyotajwa Mlangoni

Simu ililia mshonaji akiwa anakata sare za shule. Mkasi mkononi, pini mdomoni. Akaibana simu kwa bega.

"Mama yako anatoka Jumamosi," muuguzi alisema. "Nyonga inaunga vizuri. Ila ngazi asipande. Na chumbani pawe na nafasi, maana atatembea na fremu ya kushikilia. Akijikwaa tu, tunaanza upya."

"Chumba kipo," mshonaji alijibu, na pini zikamwagika.

Chumba kilikuwepo kweli. Kilikuwa chini, jirani na choo, na dirisha lake lilitazama barabara. Lakini dirisha hilo lilikuwa halijaonwa na mtu kwa miaka kumi na miwili. Mbele yake palikuwa na makabati matatu, magodoro mawili, friji bovu, matairi manne, vyuma vya baiskeli na viti visivyokalika.

Vyote vilikuwa mali ya mumewe. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole asiyegombana na mtu wala na kitu. Kitu kikivunjika hakitupi. Husema, "Kiache, kitafaa." Mtaa mzima ulimwita Bwana Kitafaa, na yeye aliitika.

"Kiti cha miguu miwili kitafaa nini?" mkewe alimuuliza jioni hiyo ya Jumanne.

"Kikipata mwenzake wa miguu miwili, si tutakuwa na kiti kizima?"

"Na mimi nikipata mume mwenye nusu ya akili, nimwunganishe na wewe?"

Bwana Kitafaa alicheka. Halafu aliona macho ya mkewe, akaacha kucheka. "Kwa ajili ya mkwe wangu," alisema, "vitoke vyote."

Kwenye nguzo ya taa palibandikwa karatasi: TUNAZOA MAKOROKORO. CHAPCHAPU. BEI NAFUU. Mshonaji akapiga simu.

"Vitu vingapi, mama?" sauti iliuliza.

"Vichache tu."

Hapo ndipo alipojitia kitanzi mwenyewe. Vichache! Lakini aibu ni kitu kibaya. Wateja wake ni watu wanaonyoosha mpaka leso. Angesemaje kwamba nyumbani kwake kuna chumba hakina sakafu inayoonekana?

Jumatano huyo Chapchapu wa kwenye karatasi alikuja. Kofia kaigeuza nyuma, meno yote yako nje. Mshonaji alisimama katikati ya mlango wa chumba, mikono kiunoni, sketi imetanda. Hakutaka aibu yake ionekane. Chapchapu akachungulia juu ya bega lake, mara moja tu.

"Elfu arobaini, mama. Nusu sasa, nusu tukimaliza."

"Haya." Akampa elfu ishirini.

Sasa mwangalie mwanamke huyu. Mteja akimpigia simu kuuliza "Gauni bei gani?", humfokea: "Gauni la nani? Mnene au mwembamba? Mikono mirefu au mifupi? Njoo nikupime!" Leo yeye mwenyewe amekubali bei ya mtu aliyechungulia.

Alhamisi asubuhi wabebaji wawili walitoa vitu, wakavirundika uani. Chapchapu alilizunguka rundo akipiga mluzi.

"Mama, ulisema vichache. Hizi ni safari mbili."

"Wewe ulisema arobaini!"

"Arobaini ni ya safari moja. Friji lina bei yake. Matairi yana bei yake. Na kuna ngazi."

"Ngazi gani? Chumba kiko chini!"

"Vile vidato vitatu vya mlangoni. Vidato si ngazi? Kwa jumla ni elfu tisini na tano."

Mshonaji alihisi masikio yanawaka moto. "Tisini na tano! Jana hivyo vidato vilikuwa vimesafiri?"

"Mama, hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, hasira niache nayo!"

Chapchapu aliwaita wabebaji wake, akawasha lori na kuondoka. Lori lilikuwa tupu. Mfuko wake haukuwa mtupu, ulikuwa na elfu ishirini za mshonaji. Na kama hayo hayatoshi, saa sita mvua ikanyesha. Magodoro yakanywa maji mpaka yakavimba.

Jirani yake, mwanamke mfupi aliyeitwa Bibi Mizani, alirudi kutoka kazini saa tisa. Kazi yake ilikuwa kupima malori kwenye lango la dampo la mji. Alijaribu kupita uani, akashindwa.

"Jirani, mmehamia nje?"

"Usinitanie leo. Nitakung'ata."

"Ning'ate, lakini kwanza niambie. Huyo aliyekupa bei, aliingia ndani?"

"Nilimzuia mlangoni," mshonaji alisema.

"Kwa nini?"

"Aibu."

"Aibu hiyo imekula elfu ishirini. Sasa sikiliza. Kazi ya kuzoa makorokoro haina uchawi. Kwanza unalipia nafasi ndani ya lori. Robo lori, nusu lori, lori zima. Kabati lisilofunguliwa mbao kwa mbao ni boksi la hewa. Hewa nayo itakaa kwenye lori, na utailipia."

Bwana Kitafaa, aliyekuwa kajificha nyuma ya friji, akatoa kichwa. "Makabati naweza kuyafungua. Spana ninazo."

"Basi unangoja nini?" mkewe alimkaripia. Spana zikaanza kulia.

"Pili ni uzito," Bibi Mizani aliendelea. "Mimi pale langoni sipimi ukubwa, napima kilo. Mwenye lori analipa dampo kwa kilo, naye anakubebesha wewe. Haya magodoro yalivyo, utalipia maji ya mvua. Yasimamishe ukutani yakauke."

"Na friji? Alinidanganya?"

"Hapo hakukudanganya. Friji lina gesi, halitupwi na takataka nyingine. Lina ada yake. Matairi pia, na betri, na makopo ya rangi. Kosa lake ni kuyasema baada ya kuchukua pesa. Tatu ni mikono: watu wangapi, ngazi ngapi, lori litasimama umbali gani. Yote hayo mtu aje ayaone, ayaandike, kabla hujatoa hata senti moja."

"Na vile vyuma vya baiskeli?"

"Vyuma chakavu vinanunuliwa. Mwenye lori mwaminifu anavitoa kwenye bei. Asipotaka, viuze mwenyewe."

Mshonaji alikwenda kuchukua utepe wake wa kupimia nguo. Makabati yalipokuwa mbao tupu, walipanga rundo vizuri, wakalipima. Urefu mita mbili, upana mita mbili, kimo mita moja na kidogo.

"Malori mengi ya kazi hii bodi yake ina urefu wa mita tatu na nusu, upana mbili, na kimo moja na nusu," Bibi Mizani alisema. "Hapa huna hata nusu lori."

"Yule Chapchapu alisema safari mbili!"

"Ngoja, hujasikia. Lori la huyo Chapchapu halijapita kwenye mizani yangu tangu mwezi uliopita."

"Sasa takataka za watu anazipeleka wapi?"

Bibi Mizani alielekeza kidevu upande wa njia ya shule, kwenye mtaro unaofurika kila mvua ikinyesha. Wiki iliyopita watoto walikuwa wameuvuka maji yakiwafika magotini, na mmoja alikuwa na sare aliyoishona mshonaji. Mshonaji aliukunja utepe polepole sana. Mumewe alimjua. Akiwa anapiga kelele hakuna hatari. Akinyamaza, jihadhari.

Ijumaa asubuhi alipiga simu mbili. Wa kwanza alisema, "Nitumie picha, nitakuambia bei."

"Ya uhakika?"

"Ya kukisia. Ya uhakika tukifika."

"Asante, za kukisia ninazo nyingi."

Wa pili alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee mwenye lori la bluu na kalamu sikioni. Safari hii mshonaji hakuficha kitu. Alimwambia, "Ingia, baba. Angalia hata pale unapoona aibu kuangalia."

Mzee alilizunguka rundo. Akagusa magodoro, maji mengi yalikuwa yameyatoka. Akahesabu vidato. Akauliza lori litasimama wapi. Ndipo akaandika, huku akisoma kwa sauti:

"Nusu lori, elfu thelathini. Humo mna watu wawili, mafuta na ada ya dampo. Friji, elfu nne. Matairi manne, elfu nne. Vyuma chakavu nachukua mimi, natoa elfu sita. Inabaki elfu thelathini na mbili."

"Na vidato?"

"Vidato vitatu? Mama, hata kuku anapanda."

"Bei ikibadilika?"

"Haibadiliki, labda uongeze kitu. Usiponiongezea, sikuongezei. Weka saini hapa, na mimi naweka. Utalipa tukimaliza, na risiti ya dampo nitakuletea. Risiti ikikosekana, usinilipe."

Saa sita mchana kazi ilikuwa katikati wakati lori jingine lilipofunga breki mlangoni. Chapchapu alishuka, kofia nyuma, meno nje.

"Mama! Nimekufikiria. Nitakupunguzia mpaka elfu themanini."

Mshonaji alimwendea. Majirani walisogea, maana ugomvi mzuri hauna kiingilio.

"Nikuambie kosa langu kwanza," alisema. "Nilikwambia vitu vichache, vikawa vingi. Na mlango nikauziba. Hilo langu, nimelimeza. Sasa tuje kwako. Ulitoa bei bila kuona. Ukachukua pesa bila kuandika. Vitu vilipokuwa nje, mimi sina pa kukimbilia, ndipo ukafumua mapya. Hiyo si bei, huo ni mtego!"

"Mama, biashara ni maelewano..."

"Basi tuelewane. Nionyeshe risiti moja ya dampo. Moja tu! Ya mwezi huu."

Chapchapu alipapasa mifuko yake yote. Hata ile aliyojua haina kitu.

"Huna! Watoto wetu wanaogelea kwenda shule kwa sababu yako!"

"Kumbe ni yeye!" sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma. Watu walianza kunung'unika. Chapchapu aligeuza kofia yake mbele, kama mtu anayetafuta pa kuingia.

"Wabebaji wako walifanya kazi ya asubuhi moja," mshonaji alisema. "Nawahesabia elfu tatu kila mmoja. Rudisha kumi na nne."

"Na hizo tatu tatu atupe sisi wenyewe," mbebaji mmoja alisema kutoka juu ya lori. "Hajatulipa!"

Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Chapchapu alihesabu elfu kumi na nne, mbili zikaanguka, akaziokota. Akawapa wabebaji zao. Majirani wawili walichukua namba ya lori lake wakaenda nayo ofisi ya afya ya mji. Mzee wa kalamu aliendelea kupakia kana kwamba hakuna kitu. Magharibi alirudi na risiti, ikiwa na saini ya Bibi Mizani, akalipwa elfu zake thelathini na mbili. Mshonaji aliosha sakafu mara tatu, akisonya kila alipokamua tambara.

Jumamosi mama aliletwa, akabebwa kuvuka vile vidato vitatu. Alilazwa kitandani, akatazama kuta, akatazama dari.

"Mbona umenuna, mwanangu? Nimekukosea kuja?"

"Sijakununia wewe, mama."

"Basi nipe maji, na ukae. Unanizungukia kama nzi."

Mshonaji akampa maji. Akakaa sakafuni, akanyoosha miguu. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu Jumanne. Hasira yake ilimtoka hapo, kupitia nyayoni.

Tangu siku hiyo, mtu yeyote wa mtaa akitaka kutoa makorokoro humpitia mshonaji kwanza. Naye huuliza: Ameingia akaona? Ameandika? Friji na matairi yamo kwenye bei? Anapeleka wapi? Mwenye jibu moja la "sijui" hurudishwa alikotoka.

Baada ya wiki mbili mama alisimama. Alishika fremu yake, akaanza safari kutoka kitandani. Mshonaji alihesabu kimyakimya. Hatua kumi na moja, na mguu haukugusa kitu ila sakafu. Bwana Kitafaa alitaka kupiga makofi.

Mama alifika ukutani. Akageuza shingo, akawatazama wote wawili kwa ukali.

"Chumba chenyewe kifupi hivi? Fungueni mlango, nipite."