Nahodha Haonji

Mama mmoja wa Kijerumani alimsalimia marehemu mara mbili kabla hajagundua kwamba anasalimiana na maiti. Asubuhi hiyo ya Jumapili alitoka kabini kwake na kikombe cha kahawa, akapita kwenye deki, akamwona Kapteni Aminieli amejilaza kwenye kiti chake kirefu, blanketi limemfika kidevuni, macho yanatazama ukungu. Akamtakia asubuhi njema. Aliporudi akamtakia tena, safari hii kwa sauti ya juu, akidhani mzee hasikii vizuri. Hakujibiwa. Akamgusa bega, na kikombe kikamponyoka.

Deki hilo halikuwa baharini. Lilikuwa Masama, mlimani, juu kule ambako migomba inaanza kuona baridi. Aminieli alikuwa ametumikia miaka mingi kama mhudumu wa kabini kwenye meli ya watalii, meli ya wastani, si zile kubwa za kutisha wala si vijimeli vya kubahatisha. Akarudi nyumbani mwaka tisini na mbili, wakati ambao kila mwenye tofali mlimani alikuwa anajenga vyumba vya wageni. Wenzake walijenga nyumba. Yeye akajenga meli.

Madirisha yalikuwa ya mviringo. Korido ilikuwa nyembamba, na zulia lake jekundu lilimeza sauti ya miguu, hivyo mtu alikuwa anakutokea ghafla ubavuni bila wewe kumsikia. Vyumba viliitwa kabini, kila kimoja na jina la bandari. Wageni waliitwa chakulani kwa honi. Jumamosi jioni ilikuwa karamu ya kapteni, kila mtu avae vizuri. Jumapili asubuhi wageni walivalishwa majaketi ya kuokolea maisha, wakapangwa kwenye reli ya deki, juu ya mlima, mbali na maji yoyote ya maana.

Mwanzoni walicheka. Hawakucheka muda mrefu. Ukungu ulipopanda kutoka bondeni na kumeza migomba yote, chini ya reli hapakubaki kitu ila weupe, na sakafu ilikuwa inatetemeka usiku na mchana kwa sababu ya jenereta kubwa la dizeli lililofungwa nyuma ya nyumba. Aminieli alikuwa hawezi kupata usingizi bila injini. Wageni kadhaa walitapika kama watu walio kwenye mawimbi. Mmoja aliondoka kabla ya siku zake, akisema nyumba ile inakwenda mahali na hakuna anayetaka kumwambia ni wapi.

Koplo Mektrida, mpelelezi kutoka Moshi mjini, alifika kabla ya saa sita mchana. Alikuwa mzaliwa wa Kibosho, mwanamke mnene kidogo, mpole wa maneno na mbishi wa moyo. Aliposimama kwenye deki alijikuta ameshika reli kwa mikono miwili. Akajicheka, lakini hakuiachia.

Mbele ya kila mtu aliichukua glasi ya mvinyo aliyoitumia Aminieli kwenye karamu, akaifunga kwenye karatasi, akaipiga lakiri. Kufikia jioni Masama yote ilikuwa inajua kwamba kapteni kauawa kwa mvinyo. Mektrida hakumsahihisha mtu.

Jumatatu, daktari wa hospitali ya Mawenzi alisema ni sumu kweli: dawa ya wadudu wa kahawa, ile ambayo kila nyumba ya mlimani inayo stoo. Lakini glasi ilikuwa safi.

"Sihitaji glasi," alisema bosi wake, Inspekta Shedrack. "Mtu wangu ninaye."

Mtu wake alikuwa Jesse, mdogo wake marehemu. Ugomvi wao ulijulikana hadi kanisani. Kwa desturi ya huko, kihamba, yaani shamba la ukoo, na nyumba ya baba huwa vya kitindamimba, na kitindamimba alikuwa Jesse. Aminieli alikuja na fedha zake za meli, akajenga papo hapo bila kumwuliza, na Jesse akabaki na kibanda chake chini migombani. Jumamosi ile alialikwa kwenye karamu kwa mara ya kwanza. Jua lilipozama ndugu wawili walikaa deki peke yao, kisha Jesse akaondoka. Polisi walipoingia kwake waliikuta ukutani kata ya kunywea mbege, pombe ya ndizi, imekaukiwa na machicha ya ulezi, na ndani ya machicha ile dawa. Siri ya kata waliijua polisi wawili na daktari tu.

"Kata kwake, ugomvi kwake, na yeye ndiye wa mwisho kumwona," Shedrack alihesabu kwa vidole. "Alhamisi nampeleka mahakamani. Ni kesi ya kuua, koplo. Huyo atanyongwa."

Mektrida akaomba kuongea naye kwanza.

Jesse alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mtu mrefu mwenye mikono ya jembe, amevaa koti la kanisani alilokamatwa nalo.

"Kata ile uliitoa wapi?"

"Ni ya baba yetu, afande. Ilikuwa imetundikwa kule ukumbini kama pambo. Mimi mvinyo sinywi, kwa hiyo waliniletea mbege ndani yake. Kaka akaichukua mkononi mwangu, akaonja."

"Akaonja?"

"Mwenye nyumba anaonja kwanza, ndipo anampa mgeni. Hata kwenu Kibosho ni hivyo."

"Ni hivyo. Wewe ukanywa?"

"Sikupata. Alionja, akatabasamu, akaendelea mpaka akaimaliza. Akaniambia, 'Nimekunywa na deni la miaka yote niliyokunyima.' Tukacheka sana. Halafu akanipa ile kata niende nayo. Nikaitundika kwangu."

"Bila kuiosha?"

"Niioshe ya nini? Nilikuwa na furaha."

"Mlikuwa mnazungumza nini?"

Jesse akageuza uso. "Hayo ni ya ukoo. Siyo ya polisi."

Hapo alimkasirisha Mektrida, maana mtu anayekaribia kitanzi hana haki ya kuringa. Lakini njia nzima ya kupanda Masama jambo moja lilimsumbua. Jesse ana watoto wanne wanaochota maji kwa chochote wanachokiona. Muuaji gani anatundika sumu ukutani, usawa wa mikono ya wanawe?

Mjane, Gladness, alimpokea ukumbini. Kitenge cheusi, sauti iliyokauka, kiti cha mumewe kitupu kichwani mwa meza. Ukungu ulikuwa umebandikwa kwenye madirisha ya mviringo, na vijiko vilikuwa vinalia taratibu mezani kwa mtetemo wa injini.

"Pole sana, mama. Nauliza jambo dogo. Mzee alikuwa anaonja mbege kabla ya kumpa mgeni?"

"Hata siku moja, tangu arudi. Wazee walimsema mpaka wakachoka." Gladness akatazama kile kiti. "Alikuwa anasema, 'Kwenye meli nahodha haonji, nahodha anaonjewa.' Jesse kasema ameonja?"

"Nimeuliza tu," alijibu Mektrida, akijua maneno hayo yanamvuta Jesse kwenye kamba.

Mgeni mmoja hakuwa amehama. Huyu ni mzee Wenseslaus wa Kilema, aliyefanya kazi na Aminieli kwenye meli ile ile, na alikuwa amekuja kumshawishi aiuze nyumba kwa kampuni ya watalii. Mektrida alimkuta kwenye korido, au tuseme mzee ndiye aliyemtokea ubavuni bila sauti, Mektrida akashtuka.

"Shikamoo, mzee. Jumamosi uligombana na marehemu?"

"Marahaba. Niligombana naye, ndiyo. Aliniambia hauzi, kwa sababu anataka kupatana na mdogo wake. Nikamwita mjinga. Sasa nimekaa na neno hilo kooni, binti yangu, haliteremki."

"Nani alimpelekea Jesse mbege?"

"Mimi. Fredy mpishi alikuwa na supu mikononi. Nikaichukua jikoni, nikapita nayo korido hii hii. Kwani mbege ina nini?"

"Haina kitu. Wafanyakazi walikunywa mtungi mzima, na wote ni wazima."

Mektrida alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio uliokuwa unambana. Kama mtungi ulikuwa safi, basi dawa ilipakwa ndani ya kata kabla haijajazwa, au iliingizwa korido.

Jikoni alimkuta Fredy, mpishi na mhudumu, baba wa familia aliyeacha ualimu kwa ajili ya bahashishi za Wazungu. Alikuwa anaogopa kazi yake imekufa pamoja na kapteni.

"Kata aliitoa ukutani mama mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa, akanipa. Nikaijaza. Mzee Wenseslaus akaipeleka."

"Baada ya karamu, mama alikuwa wapi?"

"Dirisha la chini, la upande wa migomba. Nilimpelekea chai akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Alikuwa anasikiliza."

"Anasikiliza nini?"

"Hata mimi nilijiuliza, afande. Upande ule hakuna mtu, ni kwa Jesse tu. Nikamwambia kapteni bado yuko nje na baridi imezidi, akasema niache, kapteni akiwa deki hasumbuliwi. Akaendelea kusikiliza mpaka nikazima taa."

Mektrida alitoka nje, akashika tena ile reli. Mwanamke ambaye mume wake yuko upande huu wa nyumba, amekaa upande wa pili, anategea sikio nyumba ya shemeji. Watu husubiri nini kutoka nyumba ya jirani gizani, kama si kilio? Aliamini anajua. Lakini kuamini si ushahidi, na Shedrack angemcheka.

Jumatano ukoo ulikusanyika ukumbini kupanga mazishi. Mektrida alikuwa amemwomba Shedrack saa moja tu, na Shedrack akaja mwenyewe, amenuna, amemleta Jesse katika pingu. Watu wakaguna. Gladness hakumtazama shemeji yake.

"Wazee wangu, shikamooni," alianza Mektrida. "Marehemu alikufa wakati anampokea mdogo wake, na mapokezi hayakumalizika. Kabla hamjachimba kaburi naomba yamalizike, kwa kata ya baba yao, ile ile ya Jumamosi."

Akaitoa kwenye mfuko, kata kuukuu yenye machicha yaliyokaukia ndani, akaiweka mezani. Vijiko vikaendelea kulia.

"Mama ndiye mwenye nyumba, angeonja yeye. Lakini ana msiba, tusimchoshe. Fredy, wewe uliijaza siku ile. Ijaze, uonje kwa niaba yake."

Fredy akaijaza mbege. Alikuwa na kiu ya woga, akaiinua kwa mikono miwili, akapiga funda.

"Iteme!" Gladness aliruka, kiti kikaanguka. "Fredy, iteme! Ruwa, Mungu wangu, iteme!" Akampiga mkono, kata ikaruka, mbege ikamwagika kwenye zulia jekundu.

Fredy akatema, akakohoa, akamtazama kila mtu kwa zamu.

"Ateme kwa nini, mama?" Mektrida aliuliza taratibu. "Masama yote inajua sumu ilikuwa kwenye glasi ya mvinyo. Habari ya kata hatujamwambia mtu."

Gladness akaziba mdomo kwa kiganja, akiwa amechelewa.

"Usihofu, Fredy. Hiyo ni kata ya nyumbani kwangu Kibosho. Ile yenyewe iko kituoni." Kisha akawageukia wazee. "Dawa ilipakwa kwenye kata ya Jesse, kwa ajili ya Jesse. Aliyeipaka alikuwa na uhakika kwamba Aminieli haonji, kwa sababu ameishi naye miaka yote hajamwona akionja. Kisha akakaa dirishani kusubiri kilio kitoke chini. Mzee Wenseslaus angekuwa ndiye, wewe usingekuwa na sababu ya kumzuia Fredy. Wewe ulikuwa na moyo wa kumzuia, mama, na hilo nitalisema mahakamani."

Gladness alikaa chini, sakafuni, mahali alipokuwa.

"Asubuhi ile aliniambia, 'Leo namaliza na Jesse, atakachotaka nampa.' Nikajua nyumba imekwenda. Mimi sikuzaa. Mjane asiye na mtoto kwenye kihamba cha watu ni nani? Mnanijua ninyi nyote, mngenipa wiki moja nihame." Akamtazama Jesse kwa mara ya kwanza. "Nilisubiri kwako walie. Kimya. Nikasema dawa imepungua nguvu. Nikaenda kulala. Sikumfuata nje, nilimwacha na baridi, nikaenda kulala!"

Jesse alikuwa anatokwa na machozi bila kuyafuta, maana pingu zilikuwa bado mkononi.

"Shemeji, sikuomba nyumba."

"Uliomba nini?"

"Injini. Ameifunga juu ya kaburi la baba, miguuni pake. Baba hajalala tangu mwaka ule, kila nikienda kwenye mgomba uliopandwa kaburini kwake nauona unatetemeka. Nilimwomba kaka aihamishe tu. Akakubali. Nyumba nikamwambia hii ni ya mke wako, mtaishi humo mpaka mzeeke. Ndipo akaomba kata."

Gladness aliuliza, "Injini tu?" Mzee mmoja akatoka nje, na baada ya muda mtetemo wa sakafu ukakoma. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, baadhi ya watu wakashika meza.

Shedrack alimfungua Jesse pingu bila kusema samahani, kama kawaida yake. Alipozipeleka kwa Gladness, Jesse akamzuia.

"Amzike kwanza. Mke ni mke. Polisi mpo, hawezi kukimbia." Wazee walinung'unika, yeye hakuwajali. "Shemeji, kaka tumvalishe nini?"

"Suti nyeusi. Iko kabatini, upande wa kushoto," alisema Gladness. "Haina haja ya pasi. Niliipiga Jumamosi."

Jesse alisimama kidogo mlangoni, mpaka akaelewa suti ile ilikuwa imeandaliwa kwa msiba wa nani. Kisha akaenda kuichukua.