Mtutu Usiopitisha Nuru

Kaka yangu ni fundi wa bunduki. Msinitazame hivyo, si jambazi, na sijawahi kumwona akimpiga hata njiwa. Yeye ni mtu wa mafuta na msasa. Wenye mashamba wanaosumbuliwa na nguruwe pori humletea bunduki zao za marisawa, zile za mitutu miwili, naye anazisafisha, anabadilisha springi zilizochoka, anawakatia kitako kilingane na urefu wa mkono. Watu wanamwita Polepole. Mwambie nyumba inaungua, atakaza kwanza skrubu iliyo mkononi, ndipo aulize, "Nyumba ya nani?"

Namwita kaka kwa mazoea tu, maana mimi ndiye niliyemtangulia kuzaliwa. Mama alipoondoka duniani, huyu nilimbeba mgongoni. Hadi leo tunakaa nyumba moja na kufanya kazi chumba kimoja: yeye na meza yake ya vyuma upande wa dirisha, mimi na cherehani yangu upande wa mlango. Nashona magauni, na pia mifuko ya turubai ya kubebea hizo bunduki zake. Siku nzima tunataniana. Yeye anasema cherehani yangu inapiga kelele kuliko bunduki zote alizowahi kuzishika, mimi namwambia angalau yangu inajaza sufuria.

Ana masharti yake ya kazi, na hayo hayachezewi. Bunduki isafishwe kuanzia nyuma kwenda mdomoni, uchafu usirudi kwenye mitambo. Mafuta yawe kidogo. Yakizidi yanaozesha mbao. Na wanaomwomba awafundishe kulenga huwaambia maneno yaleyale kila mara: "Bunduki ije shavuni, si shavu liifuate bunduki. Na macho yote mawili wazi. Ukifumba moja, umeshaitupa nusu ya dunia."

Lakini sharti kubwa limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: MWENYE BUNDUKI AIFUNGUE MWENYEWE. Lilikuja baada ya bwana mmoja kuleta yake akiapa haina kitu ndani. Ilikuwa nacho. Tundu lipo kwenye bati mpaka leo, na jua likiwa la utosi mwali mwembamba hushuka hadi kwenye meza. Tangu hapo, mteja anasukuma mwenyewe kile kichuma cha juu, mitutu inainama, kisha anaichungulia kuelekea dirishani. Nuru ikipita mtutu wa kulia na wa kushoto, ndipo kaka anapokea kazi.

Siku moja asubuhi akaja mama mmoja, mjane, na bunduki imeviringishwa ndani ya shuka. Nilikuwa napinda gauni la shule. Akasalimia vizuri, akasema ni ya marehemu mumewe, mtutu mmoja una matatizo. Kaka akamwonyesha maandishi ukutani.

"Mkono unaniuma, fundi," akasema. "Nifungulie tu."

Mkono wenyewe ndio huo uliobeba bunduki toka kwake mpaka kwetu. Mimi nikainua uso, nikamtazama. Alikuwa anaangalia sakafu. Kaka, kwa huruma zake zile zisizo na breki, akasema haya mama, hakuna neno. Akaifungua. Mama yule akageuza uso akatazama mlangoni, akaaga, akatoka karibu anakimbia.

Kaka akainua mitutu kuelekea dirishani, akafumba jicho moja. Wa kulia, nuru. Wa kushoto akakawia.

"Dada, huu hauna nuru."

"Kuna nyigu wamejenga. Toa."

Akaingiza ufito. Ukapita wote, ukatokea upande wa pili bila kugusa kitu. Akapitisha brashi ya shaba, ikapita. Akapitisha kitambaa, kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Akamimina maji, yakatiririka yote kwenye ndoo. Akachungulia tena.

Giza.

"Kazi haijanishinda," akasema, nami nikacheka. Laiti ningejua! Ningeichukua bunduki ile nikamfuata yule mama barabarani nimvike shingoni.

Kesho yake aliacha kazi za watu wengine. Akawa na ile tu. Anapitisha ufito, anachungulia, anapitisha tena. Ukimsemesha anakujibu baada ya kitambo. Mchana mmoja, chakula kikiwa kimepoa mbele yake, akaninong'oneza bila kuitoa mitutu usoni.

"Si giza, dada. Ni jioni. Kuna mtu amekaa huko ndani."

"Mtu gani? Acha mzaha."

"Amekaa kwenye kigoda. Amenipa mgongo."

Nilisimama nikitaka kumpokonya niangalie huo upuuzi. Akaikumbatia bunduki kifuani, kitu ambacho tangu utoto hajawahi kunifanyia. Tuligawana hata mfupa mmoja, sisi. Nikarudi kwenye cherehani yangu nimenuna, na ninawaambia ukweli, niliogopa.

Siku zilizofuata nilikuwa namsikiliza zaidi kuliko nilivyoshona. Alinong'ona kama anayezungumza na mgonjwa. "Amesogeza bega." Siku nyingine, "Sikio limeonekana." Nikamwita nje ale, nikamfokea, nikamlilia. Sikio la kufa halisikii dawa. Alisema hamu ya kuchungulia inamwasha kama kidonda kinachopona. Ukikikuna unajuta, usipokikuna hulali.

Kisha nikamwona anapapasa kikombe cha chai. Kilikuwa mbele yake, upande wa kushoto. Mkono ulipita pembeni, ukarudi, ukakigonga, chai ikamwagika juu ya meza. Nikamsogelea, nikapunga kiganja karibu na jicho lake la kushoto. Halikupepesa.

"Kaka, jicho!"

"Ameanza kuonyesha shavu," akasema, na akatabasamu kidogo.

Fundi wa bunduki bila macho ni nini? Na mimi bila yeye ni nani? Nilitupa kazi, nikavaa viatu huku natembea, nikaulizia njia nzima mpaka nikaipata nyumba ya yule mjane, nyuma ya kinu cha kusaga. Nilikuwa nimefura. Nilikuwa nimeyapanga matusi yangu vizuri, la kwanza mpaka la mwisho.

Nikamkuta barazani na mwanawe, mwanamume mzima, anapukuchua mahindi. Jicho la kushoto la kijana lilikuwa limefungwa kitambaa. Mama aliponiona hakuuliza ninatafuta nini. Alinivuta jikoni, akarudisha mlango.

"Jicho lake linarudi," akanong'ona. "Leo ameona kuku."

Matusi yakaniishia mdomoni.

"Mume wangu aliikuta mnadani," akasema. "Alichungulia mpaka mwisho. Siku yule mtu alipogeuka uso wote, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo. Nikamwita. Nikamgusa bega. Alikuwa wa baridi." Akafuta pua kwa upindo wa gauni. "Hatujamaliza matanga, mwanangu naye akaiinua."

"Inamwachaje mtu?"

"Haiachi. Mpaka mwingine achungulie. Akichungulia mwingine, wa kwanza anapona."

"Mbona hukuchungulia wewe?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Niliogopa, mwenzangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nilirudi nyumbani polepole, na njiani nilipishana na watu wengi, wauza mkaa, wanafunzi, mzee mmoja anasukuma baiskeli. Yeyote kati yao ningeweza kumwita, njoo ndugu yangu unisaidie kuangalia kitu. Ndivyo yule mama alivyofanya. Niliwaza hivyo, siwafichi. Lakini kila uso nilioutazama ulikuwa na dada yake mahali fulani.

Nilimkuta kaka amesinzia kitini, bunduki wazi mapajani. Nikaichomoa taratibu. Nikaenda dirishani. Nikafumba jicho moja.

Ilikuwa jioni kweli huko ndani. Kichaka, na uwazi mdogo, na kigoda. Mtu mwenye shati la rangi ya udongo amenipa mgongo. Hakuwa akifanya lolote. Amekaa tu, kama anayengoja kuitwa. Nikatazama kidogo. Nikatazama kidogo tena. Shingo yake ikasogea.

Nikaondoa uso. Niliporudisha, mtutu ulikuwa umejaa nuru, na mwisho wake nikaona mti wa uani na nguo zangu kwenye kamba.

Kaka alipoamka akachungulia, akapiga kelele za furaha hadi jirani akaja. Nuru! Wiki haikupita, jicho lilianza kutofautisha rangi, kisha sura, kisha akaanza tena kunikosoa upindo wa mifuko yangu. Bunduki tuliipeleka kituo cha polisi, kwa kuwa mwenyewe hakurudi kuichukua. Nilimwambia kaka kwamba yule mama alinipa dawa ya kuosha. Ningemwambiaje ukweli? Angechungulia siku hiyohiyo ili aniokoe.

Nikadhani yamekwisha. Asubuhi moja nikainua sindano kutunga uzi, nikafumba jicho moja kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Tundu la sindano lilikuwa na jioni ndani yake.

Niliitupa chooni, nikanunua pakiti mpya. Alikuwemo. Nikajaribu sindano ya cherehani. Alikuwemo, mdogo kuliko punje ya mtama, na bega limesogea. Basi nikajifunza kutunga uzi macho nimeyafumba, kwa ulimi na ncha za vidole. Ilinichukua vidole vingi vilivyotobolewa. Wateja wakaniona najidai. Kaka akanipa jina, Fundi Kipofu, na tukacheka, mimi nikicheka kwa upande mmoja tu wa mdomo. Mtu akitaka kunitungia uzi, namfokea kama mbwa. Hamu inaniwasha. Siku nyingi nilishinda. Siku nyingine nilishindwa, nikachungulia, nikaona sikio.

Ningeweza kuishi hivyo. Naapa ningeweza.

Jana nilikuwa jikoni nachuja chai. Nilikuwa na gauni la bibi harusi, linalotakiwa leo, na vidole vilikuwa vimevimba. Kaka aliona matone ya damu kwenye kitambaa cheupe. Mtu wa huruma zisizo na breki. Niliporudi na vikombe, alikuwa amesimama dirishani, mahali pale anapopimia mitutu. Uzi mkono mmoja. Sindano imeinuliwa kwenye jua. Jicho moja amelifumba.

Vikombe vilinitoka mikononi.

"Kaka, shusha!"

Hakushusha. Chai ikaingia chini ya viatu vyake. Kisha akanong'ona, "Kumbe ulikuwa naye wewe."

Nikamrukia, nikampokonya sindano. Nikachungulia. Nikaona dirisha, mti wa uani, kipande cha anga. Nuru tupu. Sijawahi kuichukia nuru namna ile.

"Alikuwa amefika wapi kwako?" akaniuliza.

"Sikio."

Akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa mtulivu. "Kwangu hakuanza upya, dada. Ameendelea pale tulipoachana. Shavu, na pembe ya jicho."

"Yuko wapi sasa? Niambie uko naye wapi, nimtazame!"

Alinishika mabega yote mawili. Alinitania, mjinga yule, akasema, "Wewe uliwahi mara moja. Zamu si yako peke yako." Akainama akaokota vigae vya vikombe, akavifunga kwenye gazeti, akaenda chumbani kwake.

Tangu wakati huo nimechungulia kila kitu humu ndani. Mitutu yote iliyoko mezani, mmoja mmoja. Vifungo vya mashati. Bomba la maji. Nimepanda juu ya meza nikaweka jicho kwenye lile tundu la bati. Kote nuru. Nimemwita mlangoni, ananijibu vizuri, anasema anapumzika. Sauti inatoka palepale, chini, kama ya mtu aliyekaa.

Leo asubuhi nilipiga magoti kwenye mlango wake nichungulie tundu la kitasa. Limezibwa kutoka ndani, limebanwa sana, kwa kile kitambaa chake cheupe cha kusafishia bunduki. Nimechukua sindano, naking'oa uzi mmoja mmoja.

Na kigoda changu cha jikoni hakipo mahali pake.