Gia za Pikipiki ya Mama Mikate

Kila asubuhi nyumba ile ilinukia mkate. Mama Mikate alikanda unga, akaoka, akapanga mikate kwenye kreti nyuma ya pikipiki yake. Kisha aliipeleka shule ya chekechea, ambako watoto waliingoja pamoja na chai.

Mumewe, fundi cherehani, alimfungulia lango.

"Polepole kwenye kona," alimwambia kila siku.

"Sawa, baba mwenye lango," mkewe alimjibu akicheka.

Lakini wiki ile hakukuwa na kicheko. Mama Mikate alipotaka kubadili gia, kanyagio liligoma. Akilazimisha, chuma kilikwaruza ndani. Mikate ikaanza kufika watoto wamekwisha kunywa chai tupu.

Mwalimu mkuu alimwambia kwa upole, "Mama, mikate yako tunaipenda. Lakini tumbo la mtoto halijui kungoja. Ikichelewa tena, itanibidi nitafute mwokaji mwingine."

Mama Mikate alirudi nyumbani amenyong'onyea. Mumewe aliacha cherehani akamletea maji ya kunywa.

"Gereji wanasema gia zimelika," mama alisema. "Wanataka kupasua injini kesho. Pikipiki italala huko wiki nzima."

"Na mikate ya watoto?"

"Ndiyo hiyo inayoniumiza kichwa."

Jirani yao alikuwa fundi wa pikipiki. Watu walimwita Mama Spana. Alikuwa akipita kutoka kazini, akaona nyuso zao. Hakupita tu. Aliweka mkoba wake chini.

"Kabla hamjapasua injini, nielezeni," alisema. "Mgonjwa huulizwa kwanza anaumwa wapi. Shoga, gia zinagoma wakati gani?"

"Injini ikiwa inawaka. Na nikisimama njia panda, naibana klachi yote, lakini pikipiki bado inanisukuma mbele. Jana ilibaki kidogo nimgonge mzee anayevuka."

Mama Spana alitikisa kichwa kwa huruma. Alitazama kanyagio la gia. Halikuwa limepinda, na nati yake ilikuwa imekaza. Alipima oili. Ilitosha. Kisha, injini ikiwa imezimwa, aliisukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo huku akikanyaga gia. Ziliingia zote bila kelele.

"Hiyo ni dalili nzuri, gia zenyewe ni nzima," alisema. "Sasa tuangalie klachi."

Alishika mkono wa klachi kwenye usukani. Ulicheza ovyo, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Waya umelegea sana. Nani aliulegeza?"

"Si mimi," alisema Mama Mikate.

Mumewe alitazama chini. Mkanda wa kupimia ulining'inia shingoni mwake.

"Ni mimi," alisema. "Klachi ilikuwa nzito. Jioni moja nilimwona mke wangu anashindwa hata kufungua chupa, mkono unamuuma. Nikalegeza waya ili iwe laini. Nilitaka aone tu imekuwa nyepesi."

Mama Mikate alimtazama. Hasira aliyokuwa ameiandaa ilimpotea.

"Hata mimi ningependa mume wa namna hii," alisema Mama Spana. "Ila asiguse spana."

Wote watatu wakacheka. Kisha Mama Spana akawaeleza.

"Klachi ina vyuma vyembamba vilivyobanana. Ukibana mkono huu, vinaachana, nguvu ya injini haifiki kwenye gia. Hapo gia hubadilika kwa amani. Waya ukilegea, haviachani vizuri. Ndiyo maana gia zinakwaruza, na pikipiki inakusukuma ukiwa umesimama."

"Basi nikaze kabisa?" aliuliza mume.

"Hapana. Ukikaza mno, vyuma havibanani sawasawa. Injini itanguruma, mwendo hakuna, na klachi itaungua. Acha nafasi ndogo hapa kwenye shina la mkono, kama unene wa sarafu."

"Lakini itakuwa nzito tena."

"Ilikuwa nzito kwa sababu waya umekauka. Dawa yake ni oili."

Alifungua waya, akaukagua. Haukuwa na nyuzi zilizokatika. "Ungekuwa umechanika, tungeubadilisha," alisema. Alidondosha oili taratibu ndani ya ganda la waya mpaka ikatokea upande wa pili. Akaufunga, akarekebisha ile nafasi.

"Jaribu, shoga."

Mama Mikate alibana klachi kwa vidole viwili. Aliwasha injini, akakanyaga gia. Ikaingia. Aliendelea kuibana klachi, na pikipiki ilitulia pale pale bila kumsukuma.

"Ingegoma bado, ndipo tungefikiria injini," alisema Mama Spana akichukua mkoba wake. "Anzieni nje, mambo madogo kwanza. Na wewe fundi cherehani, ukitaka kuupumzisha mkono wake, unga uko jikoni."

Asubuhi iliyofuata, mume ndiye aliyekanda unga. Alikanda kwa fujo, ukamfika mpaka kwenye nyusi. Mikate mingine ilitoka imepinda, lakini iliiva vizuri.

Alifungua lango, mikono myeupe. "Polepole kwenye kona," alisema.

"Sawa, baba mwenye unga."

Mume alisimama pale akisikiliza. Pikipiki ilifika kwenye kona, ikapunguza mwendo, kisha ikabadili gia. Hakusikia mkwaruzo wowote. Mikate ilipofika shuleni, watoto walikuwa bado wananawa mikono.