Mama Chungulia na Keki ya Harusi

Katika nyumba hii harufu ya keki ilikuwa jambo la kila wiki. Keki iliyoumuka vizuri ndiyo ilikuwa adimu.

Mwokaji alikuwa mama wa watoto wawili. Alipima unga vizuri, akapiga mayai mpaka yakatoa povu. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Keki ikishaingia kwenye oveni, roho ilikuwa juu juu. Je, inaumuka? Anafungua mlango kidogo, anachungulia. Anafunga. Anafungua tena. Joto linatoka lote, na keki inanywea katikati.

"Si nilisema? Mimi siwezi," anasema.

Watoto wakampachika jina: Mama Chungulia. Alicheka nao, lakini jina lilimchoma.

Siku moja wifi yake aliingia mbiombio, uso umejaa furaha.

"Wifi, harusi yangu ni Jumamosi! Keki utaoka wewe."

"Mimi? Nitakuaibisha mbele za watu. Nunua dukani."

"Ya dukani sitaki. Nataka ya mkono wako."

Akaondoka zake. Mama Chungulia akabaki ameshika kichwa. Keki hii ikinywea, alijiambia, sitagusa oveni tena maishani. Akaanza kujaribu. Ya kwanza ikanywea. Ya pili hivyo hivyo.

Jirani yake, mkunga wa zahanati, alipita kumsalimu. Akaona keki mezani.

"He! Leo nani amekalia keki?"

"Acha tu, dada. Sijiamini. Nimezaliwa hivi."

Mkunga akaangua kicheko. "Mimi nimepokea watoto wengi, shoga yangu. Sijaona hata mmoja aliyetoka anajiamini. Wote hutoka wanalia!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mkunga akavuta kiti.

"Kujiamini kunajengwa kidogo kidogo. Hebu niambie, unga ulipima?"

"Nilipima."

"Oveni uliipasha moto kwanza?"

"Niliipasha."

"Basi kazi yako ulishaifanya vizuri. Nini kilichoharibu?"

Mama Chungulia akatazama mlango wa oveni. "Nilifungua," akasema polepole.

"Umeona? Unaogopa, unafungua, keki inanywea. Halafu unaogopa zaidi. Kosa ni moja, na linarekebishika. Usilifanye likawa wewe mzima."

"Na hofu nitaipeleka wapi?"

"Itakuwepo tu. Hata mimi, mama akianza uchungu, naogopa. Najiuliza kama nimejiandaa. Nikiona nimejiandaa, nafanya kazi hivyo hivyo na hofu yangu. Wewe anza na keki ndogo. Ikitoka vizuri, oka kubwa. Na hilo neno 'siwezi' liache. Sema bado unajifunza."

Jioni ile alioka keki ndogo. Lo, ilikuwa kazi! Mikono ilimwasha kwa hamu ya kufungua. Akaosha vyombo vyote, kisha akaosha hata vilivyokuwa safi.

"Mke wangu, sahani hizo si ulishaziosha?" mumewe akauliza.

"Niache, baba watoto. Najijenga."

Muda ulipotimia, akafungua. Keki ilikuwa imeumuka, imejaa, rangi yake ya kupendeza. Akapiga kigelegele peke yake jikoni. Watoto wakaja mbio, na keki haikuiona asubuhi.

Kesho yake akaoka kubwa. Ikapasuka juu. Neno "siwezi" likamjia mdomoni, akalimeza. Badala yake akajiuliza, "Moto ulizidi?" Akapunguza moto, na iliyofuata ikatoka safi kabisa. Furaha aliyoisikia siku hiyo hakuwahi kuisikia.

Jumamosi bibi harusi alipoiona keki, alimkumbatia wifi yake kwa nguvu mpaka shela ikamtoka kichwani. Wageni walikula, wakarudia.

"Hii kaoka nani?" akauliza mama mmoja, mdomo bado umejaa.

"Mimi," akajibu Mama Chungulia.

"Basi nimepata fundi! Mwezi ujao namwoza binti yangu. Utaniokea?"

Moyo ukaanza kumwenda mbio. Akauacha uende.

"Wageni wangapi?" akauliza.