Mashine Nzito ya Hamoud

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la picha mtaa wa Chemchem, mjini Tabora, Hamoud alifuta vumbi kwenye mizani ya babu yake. Mizani hiyo ilitundikwa ukutani kwa mnyororo. Babu aliitumia kupimia pembe za ndovu, zama misafara ilipokuwa ikipita Tabora kwenda pwani. Siku hizi haikupima kitu. Lakini maneno ya babu yalibaki nyumbani humo: "Kizito hakidanganyi. Pembe nyepesi imeoza ndani."

Hamoud alikuwa muuza vitambaa kama baba yake. Duka la ushirika lilipofunguliwa, biashara ya vitambaa ikahamia huko. Hamoud hakukaa barazani kulalamika. Alinunua kamera, akajifunza kupiga picha na kuzisafisha. Mkewe, Fakhria, alifanya kazi mezani karibu na dirisha. Kwa brashi nyembamba na wino alifunika madoa yaliyotokea kwenye picha. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu, na Fakhria alikuwa nao.

Duka lilikuwa na upungufu mmoja. Halikuwa na mashine ya kukuzia picha. Walilaza filamu juu ya karatasi, wakawasha taa, na picha ikatoka ndogo kama filamu yenyewe. Mteja akitaka picha kubwa, filamu yake ilipelekwa Dar es Salaam kwa treni. Nyingine zilirudi baada ya miezi. Nyingine hazikurudi.

Mwezi wa tisa alikuja mwanamke kutoka Goweko. Jina lake Pelagia. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike, hajafika miaka mitatu.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Modest," Hamoud alisema. "Pole na safari. Baba Modest hajambo?"

Pelagia alikaa kwanza. "Raymundi alifariki, Bwana Hamoud. Mwaka wa tatu sasa."

Hamoud aliweka kalamu chini. "Innalillahi. Pole sana, mama. Hatukupata habari."

"Mlitupiga picha hapa, mwaka ule tulipouza tumbaku. Hatukuwa na picha nyingine. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mvua ilitukuta njiani. Sanduku likaingia maji. Picha ikagandana na kioo chake. Nilipoibandua, uso ukabaki kwenye kioo."

Alimvuta mtoto karibu.

"Huyu ni Bernadeta. Alizaliwa baba yake ameshazikwa. Akipita mwanamume yeyote, bwana shamba, mpima tumbaku, anamwita baba. Watu wanacheka. Mimi sicheki. Nataka picha kubwa niitundike ukutani, ajue baba yake ni yupi."

"Unaitaka lini?"

"Siku ya Marehemu Wote. Tarehe mbili, mwezi wa kumi na moja. Tuna misa yake."

Fakhria alikwishainuka. Hakuwa ametupa filamu hata moja. Zote zilikaa kwenye makopo ya biskuti, kila kopo na mwaka wake. Alifungua kopo la tatu, akatafuta, akatoa filamu moja ya mraba. Aliinyanyua mbele ya dirisha. Kwenye filamu cheupe huonekana cheusi, na cheusi cheupe, lakini watu walitambulikana. Raymundi amekaa kitini. Watoto wawili mbele yake. Pelagia amesimama nyuma, mkono wake begani kwa mumewe.

"Msiipeleke Dar es Salaam," Pelagia alisema. "Ikipotea hiyo, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Haitatoka mji huu," Hamoud alimwambia. "Nitanunua mashine."

Kule Urambo alikuwepo mpiga picha mmoja, Masolwa, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka na alikuwa akifunga kazi. Hamoud alipanda treni akaenda. Masolwa alikuwa na mashine mbili za kukuzia picha. Moja ilikuwa ndogo, rangi imebabuka. Ya pili ilikuwa kubwa, chuma kitupu, inang'aa.

"Chukua ndogo," Masolwa alisema. "Ndiyo niliyoifanyia kazi. Ile kubwa niliachiwa na mzungu mmoja wa shambani. Sijaiwasha miaka minne."

Hamoud alicheka moyoni. Alikuwa amezaliwa dukani, na alijua kwamba muuzaji husifia kile anachotaka kukiondoa. Aliinyanyua ndogo kwa mkono mmoja. Kubwa ilimshinda kwa mikono miwili.

"Nipe hii," alisema. "Hiki ndicho chuma."

Masolwa alimtazama. "Umekuja na filamu, tuijaribu?"

"Ya nini? Naiona kwa macho."

"Haya. Macho ni yako."

Stesheni ya Tabora, wapagazi wawili waliibeba mashine wakipumzika kila hatua ishirini. Hamoud alitembea mbele yao kama mwenye harusi. Fakhria alisimama mlangoni, akaitazama inavyoingia.

"Umeijaribu?" aliuliza.

"Chuma kama hiki hakijaribiwi."

"Mimi ndiye nitakayekaa na picha zake mezani siku nzima. Ungeniuliza hata neno moja."

"Utaniambia nini kuhusu mashine, Fakhria?"

Fakhria alirudi mezani kwake, akashika brashi.

Siku iliyofuata Hamoud alifunga madirisha ya chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, na kuchukua filamu ya Raymundi.

"Anza na filamu iliyoharibika," Fakhria alisema. "Hiyo iache kwanza."

"Siku zimekwisha."

Siku zilikuwa hazijakwisha. Zilikuwa zimebaki kumi na saba.

Mashine ya kukuzia hufanya kazi hivi. Juu kuna taa. Chini ya taa kuna dirisha dogo la kuwekea filamu. Chini ya filamu kuna lenzi. Mwanga hupita kwenye filamu na lenzi, ukaangusha picha kubwa juu ya karatasi iliyo chini. Hamoud aliweka filamu, akagundua kwamba dirisha ni dogo kuliko filamu. Lilitengenezwa kwa filamu nyembamba za kamera nyingine. Alisogeza filamu huku na huku mpaka uso wa Raymundi ukaingia. Aliwasha taa. Uso ukaja chini, lakini umefifia, kama mtu aliyesimama kwenye moshi.

"Taa haina nguvu," alisema. Akaitoa globu, akatia nyingine kali sana, ile aliyotumia kumulikia watu wakati wa kuwapiga picha. Akawasha. Akainama kutazama.

Fakhria ndiye aliyesikia harufu kwanza.

"Zima," alisema. "Hamoud, zima."

Alizima. Akaitoa filamu, akafungua dirisha, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imejikunja. Begani kwa Raymundi palikuwa na malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Mkono wa Pelagia ulikuwa haupo tena. Kutoka lengelenge la mwisho hadi sikio la Raymundi hapakuzidi punje moja ya mchele.

Hamoud alitoka nje, akakaa barazani. Hakutaka chai. Fakhria alivaa baibui lake, akaenda nyumba ya tatu kumwita Mzee Limbu.

Mzee Limbu alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha giza cha mtambo wa kuchapia vitabu vya misheni. Sasa alikuwa amestaafu, akilima mihogo. Alikuja na jembe lake begani.

"Shikamoo, mzee," Hamoud alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Iko wapi filamu?"

Aliitazama muda mrefu. Alipomaliza, akaiweka katikati ya vioo viwili safi, akavifunga kwa uzi.

"Uso mzima," alisema. "Ungechelewa kidogo, basi. Sasa nionyeshe hicho kitu."

Aliizunguka mashine. "Uliipendea nini?"

"Ni nzito. Ni imara."

"Kwani utaisagia mahindi?"

Hamoud alionyesha mizani ukutani. "Babu yangu alisema kizito hakidanganyi."

"Babu yako alipima," Mzee Limbu alisema. "Babu yangu alibeba. Toka hapa mpaka Bagamoyo, begani. Aliyebeba ndiye anayejua uzito, na mimi nakwambia uzito si kazi." Akafungua lenzi, akampa. "Itazamishe angani. Unaona nini?"

Hamoud alitazama. "Kuna kama utando wa buibui."

"Ukungu umeota ndani ya kioo. Ndiyo maana uso ulififia. Taa haikuwa na kosa lolote. Wewe ukaongeza moto, ukamchoma mtu wa watu."

Fakhria alivuta kigoda. "Mzee, tueleze. Mashine ya namna hii huchaguliwaje?"

"Huanzi na mashine, mwanangu. Unaanza na kazi. Kamera yenu inatoa filamu gani? Ya mraba, pana. Basi mashine ambayo dirisha lake haliipokei filamu hiyo yote, si yenu, hata ukipewa bure. Jambo hilo tu lingemrudisha mumeo kutoka Urambo mikono mitupu na akili timamu."

"Halafu?"

"Halafu lenzi. Ukiwa na fedha kidogo, ziweke kwenye lenzi. Sehemu nyingine ni mabati tu. Lenzi iwe safi, na iwe ya filamu yenu. Lenzi ya filamu ndogo haifiki kwenye kona za filamu kubwa, kona zitatoka nyeusi. Kisha shika nguzo yake, isukume kwa kidole. Ikitikisika, kila picha itatikisika. Na globu yake iwe ya kupatikana madukani hapa Tabora. Globu ya kuagiza Ulaya ikiungua, mmefunga kazi."

"Na mtu atajuaje kwamba lenzi inafaa? Mimi macho yangu yanaona doa, lakini lenzi siijui."

Mzee Limbu aliomba sindano na filamu moja iliyoharibika. Kwa sindano alikwaruza mistari, ya kusimama na ya kulala, mpaka filamu ikawa kama ukurasa wa daftari la hesabu.

"Nenda na hii. Iweke kwenye mashine, washa, tazama chini. Mistari ya katikati ikolee, na ya kona nne ikolee vilevile. Ikipinda au ikififia pembeni, usiichukue. Iache iwake nusu saa, kisha uguse filamu. Ikiwa moto, usiichukue mashine hiyo. Na anayekwenda kutazama awe yule atakayeitumia." Akamgeukia Hamoud. "Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Walikwenda Urambo wote wawili, Hamoud na Fakhria, na chuma chao kwenye behewa la mizigo. Masolwa aliwaona wakija na wapagazi, akasimama mlangoni.

"Mmeirudisha kuitembeza?"

"Uliniambia kweli, Bwana Masolwa," Hamoud alisema. "Nikadhani unanidanganya. Naomba ile ndogo, kama bado ipo."

"Ipo. Imekusubiri. Mashine kwa mashine, lakini hao wapagazi ni wako."

Safari hii Hamoud alikaa pembeni. Fakhria aliweka filamu nyingine ya mraba, si ya Raymundi. Ikaenea dirishani yote. Aliitazamisha lenzi angani, ikawa safi. Alisukuma nguzo kwa kidole, ikatulia. Aliweka filamu ya mistari, akawasha, akainama, akapitia kona zote nne bila haraka. Nusu saa ilipopita aligusa filamu. Ilikuwa vuguvugu tu.

"Hii," alisema.

Mpaka Tabora Hamoud aliipakata mapajani.

Filamu ya Raymundi waliichapa siku ya tatu, baada ya kuchapa nyingine tano za majaribio. Mzee Limbu alisimama pembeni, hakugusa kitu. Ndani ya maji ya dawa karatasi ilianza kuonyesha kwanza kiti, kisha watoto, kisha macho ya Raymundi. Begani palitoka doa jeupe. Fakhria alifanya kazi siku mbili kwa brashi, nukta kwa nukta, mpaka doa likawa kivuli.

"Mchoree Mama Modest na mkono wake," Hamoud alisema.

"Mkono nisiouona sitauchora. Nitakuwa nimemchorea mkono wa mtu mwingine."

Pelagia alikuja siku mbili kabla ya misa. Hamoud alimpa kiti. Kabla ya kumpa picha, alimweleza yote: mashine aliyoichagua kwa uzito, globu kali, harufu.

"Nilikuahidi kuitunza, nikaichoma," alisema. "Uso umepona. Mkono wako haukupona. Nisamehe, Mama Modest."

Pelagia aliipokea picha. Ilikuwa kubwa kama sinia dogo. Aliitazama muda mrefu. Alimwona Raymundi na kovu lake la kipajini. Alijiona mwenyewe nyuma yake, kitenge kikianza kujaa tumboni.

"Mkono wangu ulikuwa hapa," alisema, akigusa kivuli begani. Akaulaza mkono wake wa kweli pale pale, akauacha.

Hamoud alitazama chini. Fakhria pia.

"Alikuwa na bega gumu," Pelagia alisema polepole. "Sikuwa nimekumbuka mpaka leo." Kisha akamwita mtoto. "Bernadeta. Njoo. Huyu nani?"

Mtoto alimtazama Hamoud kwanza, kama alivyozoea kutazama wanaume. Kisha akaitazama picha. Mama yake alimsubiri.

"Huyu ndiye baba," Pelagia alisema.

"Huyu baba," Bernadeta alisema. Akaweka kiganja chake begani, kando ya mkono wa mama yake. Tangu wakati huo mpaka walipoondoka kwenda stesheni, hakumtazama Hamoud tena.

Mizani ya babu bado ipo ukutani dukani. Lakini kwenye mnyororo wake sasa imening'inizwa filamu moja iliyokwaruzwa kwa sindano. Kila asubuhi Hamoud huishusha, akaipitisha kwenye mashine, akatazama kona zote nne. Filamu ya mteja huingia baada ya hapo.